Tairi la Bei Nafuu na Tairi la Jina Kubwa

Mazungumzo haya yametayarishwa kwa ajili ya wenye motokaa, na wale wanaotazamia kuwa nazo, juu ya jambo ambalo watu wengi hulifikiri siku ile tu wanaposimama mbele ya duka la matairi na fedha mkononi. Je, yafaa kununua tairi la jina kubwa kwa bei kubwa, au linatosha lile la bei nafuu ambalo mwenye duka anaapa kwamba ni lile lile, isipokuwa jina?

Kabla ya kutaja bei, yafaa ikumbukwe kazi yenyewe ya tairi. Gari zima, pamoja na injini yake, abiria wake na mizigo yao, hugusa barabara mahali panne tu, na kila mahali hapo ni padogo kama kiganja cha mkono wa mtu mzima. Breki hata zikiwa mpya, na dereva hata akiwa hodari namna gani, gari haliwezi kusimama upesi kuliko vile viganja vinne vinavyoweza kuishika lami. Breki huzuia gurudumu lisizunguke. Linalozuia gari lisiendelee mbele ni mpira.

Huko Ulaya yako matairi yaitwayo ya kiangazi. Neno hili laweza kumpoteza msomaji wa Kenya, kwa maana kwetu kiangazi ni wakati wa jua kali na mavumbi, mvua zikiwa zimekwisha. Kiangazi cha Ulaya sicho hicho. Ni majira ya joto, lakini mvua hunyesha, na mara nyingine hunyesha kwa nguvu sana. Kwa hiyo tairi la kiangazi si tairi la barabara kavu tu. Ni tairi ambalo mpira wake umechanganywa ili ufanye kazi vizuri katika joto, katika ukavu na katika maji, lakini si katika theluji. Joto likishuka chini ya digrii 7 hivi za sentigredi, mpira huo huanza kukakamaa na kupoteza nguvu ya kushika. Hapo ndipo tairi la baridi, lenye mpira laini zaidi na vijikato vingi vidogo juu ya uso wake, hupata faida.

Nchini Ujerumani madereva wana desturi ya kuhesabu majira hayo kwa herufi moja. Husema kwamba tairi la baridi ni la tangu O hadi O, kwa kuwa mwezi wa Oktoba na sikukuu ya Pasaka, kwa lugha yao, yote mawili huanza kwa herufi hiyo. Tena tangu Desemba 2010 sheria yao inakataza wazi kuendesha gari lenye matairi ya kiangazi barabara inapokuwa na theluji au barafu. Basi Mjerumani mwenye Volkswagen Golf, ambayo mara nyingi huvaa matairi ya kipimo cha 225/45 R17, kwa kawaida huwa na matairi manane, manne kwa kila majira. Anayenunua manane huuliza bei kwa makini zaidi kuliko anayenunua manne, na ndiyo sababu swali hili limepimwa sana katika nchi ile.

Kwa dereva wa Kenya jambo ni rahisi zaidi. Hata Limuru asubuhi ya mwezi wa Julai, baridi yake si ile ya barafu, na Mombasa haiijui kabisa. Tairi lifaalo hapa mwaka mzima ni lile lililofanywa kwa ajili ya joto. Lakini lipo jambo moja la kuangaliwa. Magari mengi yaliyotumika huletwa kutoka Japani, na Japani ina sehemu za theluji nyingi, kama kisiwa cha Hokkaido. Ikiwa gari limefika likiwa na matairi yaliyoandikwa ubavuni STUDLESS, au yenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji katikati, mnunuzi ajue kwamba hayo ni matairi yaliyotengenezwa kwa baridi. Lile la STUDLESS hasa huwa laini mno. Juu ya lami yenye moto hulegea, huisha upesi, na gari huchukua nafasi ndefu zaidi kabla ya kusimama. Tairi la namna hiyo, hata likiwa la kampuni yenye sifa kuliko zote, halifai safari ya Nairobi na Mombasa.

Sasa yatazamwe yale yanayofanya bei ya tairi moja kuwa mara mbili ya bei ya jingine. Yote mawili ni meusi, yote ni ya mviringo, na yote mawili yana mifereji. Tofauti imefichwa ndani ya mchanganyiko. Kwa miaka mingi mpira wa tairi ulitiwa nguvu kwa masizi tu, na mtengenezaji alikuwa katika shida isiyokwisha. Akitaka tairi lishike vizuri penye maji, alipaswa kukubali kwamba litaisha upesi na kula petroli nyingi. Akitaka lidumu na kuviringika kwa wepesi, alipaswa kukubali kwamba litateleza mvua inaponyesha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilianza kuuza matairi ambayo sehemu kubwa ya masizi yake ilibadilishwa kwa silika, yaani unga mweupe ambao asili yake ni mchanga. Silika haipatani na mpira mpaka iunganishwe nao kwa dawa maalumu, na kazi hiyo ni ngumu, lakini ikifanywa vizuri tairi hushika penye maji na bado huviringika kwa wepesi. Siku hizi karibu kila kampuni hutumia silika. Jambo linalotofautiana ni kiasi chake, ubora wa kuichanganya, na miaka ambayo wataalamu wametumia kujaribu tena na tena.

Mwenye kiwanda anayetaka kuuza kwa bei ndogo sana hana budi kupunguza mahali fulani. Hawezi kupunguza mahali panapoonekana, maana mnunuzi ataona. Hupunguza pasipoonekana dukani, na mara nyingi pahali hapo ni kule kushika lami iliyolowa. Tairi gumu huweza kudumu miaka mingi, na mwenye gari akafurahi na kuwasifia jirani zake, asijue kwamba alichokipata kwa kudumu amekilipa kwa kuteleza. Atakijua siku moja tu, mvua ikinyesha, mtoto akitokea kati ya magari yaliyosimama kando ya njia.

Jambo hili laweza kuhesabiwa. Yachukuliwe magari mawili ya namna moja, yanayokwenda kilomita 80 kwa saa katika mvua, na madereva wakanyage breki mahali pamoja. La kwanza lasimama baada ya mita 32, la pili baada ya mita 40. Mita nane si nyingi. Ni urefu wa motokaa mbili ndogo. Watu wengi hudhani kwamba wakati gari la kwanza limesimama, la pili nalo linakaribia kusimama. Sivyo hata kidogo. Nguvu ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hivyo sehemu kubwa ya kasi huondoka katika mita zile za mwisho. Mahali pale ambapo gari la kwanza limekwisha simama, gari la pili bado linapita kwa mwendo wa kilomita 36 hivi kwa saa. Mtu aliye mahali hapo, mbele ya gari la kwanza ataogopa tu. Mbele ya la pili atavunjika mifupa, au atakufa.

Tofauti za namna hiyo zipo kweli. Nchi za Umoja wa Ulaya zilianza mwezi wa Novemba 2012 kulazimisha kila tairi jipya la motokaa liuzwe na karatasi yenye herufi, A ikiwa bora. Kwa mizani ile ya kwanza, ilihesabiwa kwamba gari lenye matairi manne ya herufi A penye maji laweza kusimama hadi mita 18 kabla ya lile lenye matairi ya herufi F, yote mawili yakiwa katika mwendo wa kilomita 80. Tangu tarehe 1 Mei 2021 mizani imebadilishwa, na herufi sasa ni kutoka A hadi E. Karatasi hiyo huonyesha mambo matatu makubwa: kushika penye maji, wepesi wa kuviringika ambao huokoa petroli, na makelele.

Karatasi hiyo ni msaada mkubwa, lakini haisemi yote. Haionyeshi jinsi tairi linavyokata kona penye ukavu, wala jinsi linavyostahimili maji yaliyotuama, wala litadumu kilomita ngapi. Tena herufi hutolewa na mtengenezaji mwenyewe kwa kufuata vipimo vilivyowekwa, na hupimwa tairi likiwa jipya. Kwa sababu hiyo chama cha wenye magari cha Ujerumani, ADAC, kilichoanzishwa mwaka 1903, hununua matairi na kuyapima chenyewe, kisha hutangaza matokeo kila mwaka kabla majira ya joto hayajaanza. Tangu mwaka 2023 hukumu ya chama hicho hugawanywa hivi: asilimia 70 kwa usalama wa mwendo, na asilimia 30 kwa mambo ya kudumu, matumizi ya mafuta na uchafu unaoachwa duniani.

Fundisho lililoonekana mara kwa mara katika vipimo vya namna hiyo ni kwamba matairi si makundi mawili, bali ni matatu. Liko kundi la majina makubwa: Michelin, Continental, Bridgestone, Goodyear, Pirelli. Kundi la pili lina majina yasiyo makubwa hivyo, lakini ya kampuni zenye wataalamu wao na viwanja vyao vya majaribio, kama Hankook na Kumho za Korea ya Kusini, Toyo ya Japani, na Falken ambayo ni ya kampuni ya Sumitomo. La tatu ni la majina ambayo hakuna ajuaye yametoka wapi, nayo huja na kupotea kama mvua ya rasharasha. Kati ya kundi la kwanza na la pili tofauti mara nyingi ni ndogo, na katika baadhi ya vipimo la pili limelishinda la kwanza. Kati ya la pili na la tatu ndipo penye bonde.

Yafaa pia ijulikane kwamba kampuni kubwa zenyewe zina majina ya pili ya bei nafuu. Kleber na BFGoodrich ni za Michelin. Semperit na Barum ni za Continental, na jina la General Tire nalo ni lake. Firestone ni ya Bridgestone tangu mwaka 1988. Huko Marekani, mtu anayependa mwendo lakini hapendi kulipa bei ya Michelin Pilot Sport 4S, tairi lililotolewa mwaka 2017 na kusifiwa na wengi, huweza kuchukua Firestone Firehawk Indy 500. Atakayelipeleka gari katika uwanja wa mashindano ataona tofauti, kwa maana tairi la bei kubwa hurudisha habari ya barabara mikononi mwa dereva kwa wepesi, tena halichoki upesi likipata moto. Anayekwenda kazini na kurudi, na siku ya Jumapili kupanda milima kidogo, huenda asiione. Kuwa na jina la pili si kuwa na mchanganyiko ule ule wa mpira. Wenye viwanda hawauzi siri yao ya mwisho kwa bei ya nusu. Bali mtu hupata ujuzi wa jana wa kampuni inayojua kazi yake, na huo ni mali nzuri.

Jina la Firestone si geni Nairobi. Kampuni ya Firestone East Africa iliundwa mwaka 1969, baadaye ikawa Sameer Africa, na matairi yake ya Yana yalitembea katika barabara zote za nchi hii. Kiwanda hicho kilifunga kazi yake ya kutengeneza matairi mwaka 2016. Tangu hapo mnunuzi wa Kenya huchagua kati ya matairi yatokayo ng'ambo, na hana budi kujifunza kusoma yaliyoandikwa ubavuni.

Maandishi 225/45 R17 91W husomwa hivi. Upana wa tairi ni milimita 225. Kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana huo. R ni kuonyesha kwamba nyuzi zake zimepita kutoka ubavu hadi ubavu, namna ambayo Michelin waliiingiza sokoni mwaka 1949 na sasa imeenea dunia nzima. 17 ni inchi za ringi. Namba 91 ni uzito, yaani tairi moja laweza kubeba kilo 615. Herufi W ni mwendo, kilomita 270 kwa saa. Bila shaka hakuna mtu wa akili atakayekwenda mwendo huo kati ya Nakuru na Eldoret, lakini namba ya uzito isipunguzwe chini ya ile iliyoandikwa na mwenye kutengeneza gari, hata kama duka lina tairi la bei ndogo linaloingia katika ringi ile ile.

Matairi mengi yana maandishi mengine yaliyowekwa kwa amri ya Serikali ya Marekani. Neno TREADWEAR hufuatwa na namba ya kudumu. Matairi huendeshwa maili 7,200 katika njia maalumu huko Texas, na kulinganishwa na tairi la kipimo lenye namba 100. Lenye 300 latazamiwa kudumu mara tatu. Neno TRACTION hufuatwa na AA, A, B au C, nayo ni breki penye maji katika mstari ulionyooka tu, si katika kona. Neno TEMPERATURE hufuatwa na A, B au C, na hili ni la maana sana katika nchi za joto, maana huonyesha jinsi tairi linavyostahimili moto. C ni kiasi cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria ya kule. Mwenye kubeba familia na mizigo kuteremka pwani mwezi wa Februari asiridhike na C.

Mnunuzi asidanganywe na namba kubwa ya kudumu peke yake. Tairi lenye 500 na TRACTION ya B limetoa kitu ili kupata kitu.

Kuhusu fedha, hesabu ya duka si hesabu ya barabara. Kwa mfano wa hesabu tu, wala si bei ya duka lolote, tairi la shilingi 24,000 likienda kilomita 60,000 limekula shilingi 400 kwa kila kilomita 1,000. Tairi la shilingi 10,000 likienda kilomita 25,000 limekula shilingi 400 zile zile, na mwenye gari amelipa fundi wa kufunga na kusawazisha mara mbili au zaidi. La shilingi 16,000 likienda kilomita 45,000 limekula shilingi 356. Namba za kweli zitabadilika kwa gari, barabara na dereva, lakini namna ya kuhesabu ni hiyo, na mara nyingi lile la katikati ndilo hutoka mbele. Kwa mtu wa kawaida, mwenye gari la kawaida, kundi hilo la pili ndilo la kutafutwa kwanza. Mwenye gari lenye nguvu nyingi, au anayesafiri usiku na katika mvua kila juma kwa kazi yake, ana sababu ya haki ya kulipa zaidi. Anayelipa zaidi ili jirani zake wasome jina ubavuni, hiyo ni fedha yake.

Tena tairi la jina kubwa lililokwisha halilishindi tairi jipya la bei nafuu penye maji mengi. Tairi jipya lina mifereji ya milimita 8 hivi. Kazi yake ni kuyatoa maji kando ili mpira uiguse lami. Mifereji ikiwa mifupi, maji hayana pa kwenda, nalo gari huelea juu yake kama ngalawa, usukani ukawa mwepesi ghafula na dereva asiwe na amri tena. Sheria ya Ulaya inaruhusu hadi milimita 1.6, lakini wapimaji wa huko hushauri tairi la kiangazi libadilishwe likifika milimita 3. Wako watu wanaojinyima ili kununua bora kuliko yote, kisha wakaliendesha mpaka likawa kipara kwa kuona uchungu wa kulitupa. Ingekuwa heri wangenunua la kundi la pili na kulibadilisha kwa wakati wake.

Fedha zikitosha matairi mawili tu, mafundi wengi huyafunga mapya mbele, kwa sababu ndiyo yanayogeuza gari. Kampuni kubwa za matairi hushauri kinyume: mapya yafungwe nyuma. Yakiteleza ya mbele, gari hunyooka na kukataa kona, na dereva akiondoa mguu huweza kulirudisha. Yakiteleza ya nyuma, gari huzunguka, na ni wachache wawezao kulizuia. Wala tairi la namna moja na la namna nyingine yasichanganywe katika ekseli moja.

Mwisho itazamwe tarehe. Baada ya herufi DOT, mwisho wake, ziko namba nne: 3522 maana yake juma la 35 la mwaka 2022. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani, na unaoachwa juani huzeeka upesi zaidi. Tairi la jina kubwa linalouzwa kwa bei ya ajabu mara nyingi huwa na siri yake katika namba hizo. Upepo upimwe tairi likiwa baridi, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye mlango wa gari na si kile cha juu kilichoandikwa ubavuni. Na aliyetoka dukani na matairi mapya, ya bei yoyote, aende polepole kilomita mia kadhaa za mwanzo, hasa mvua ikinyesha, kwa kuwa mafuta ya kalibu bado yamo juu ya mpira na hayaondoki mpaka lami iyaparuze.